Nabii wa Kibanda cha Kasubi

Sehemu ya saba

Haya, tuliachana sokoni Nakawa. Wiki nzima simu yangu haikupumzika, kila mtu anataka kujua ni mwanamke gani yule aliyemkamata Marjan miguu mbele ya wauza nyanya. Mmoja wenu ameapa ni mke wa siri. Mwingine kaniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni polisi aliyevaa gomesi la kina mama. Nyote mmekosea, tena mmekosea vibaya.

Wewe uliyechelewa kujiunga nasi, sikiliza upesi. Marjan ni mwigizaji, Mnubi wa Bombo, mtu wa swala zake tano, ambaye kanisani haingii ila kwenye harusi za marafiki. Ndiye aliyecheza Nabii Hezironi katika ile filamu ya vichekesho, “Nabii wa Pipa”. Nabii huyo anawaamuru wagonjwa watupe dawa zao ndani ya pipa zichomwe moto, mkewe anachota zilizo nyingi kwa mlango wa nyuma kabla moto haujawaka, anazipanga katika duka lao la dawa mtaa wa pili, na waumini wale wale wakizidiwa wanakwenda kuzinunua upya. Watu wa mjini walicheka mpaka wakashika mbavu. Wachungaji walinuna, masheikh nao wakanuna, wakidhani zamu yao inakuja. Husnah, mwanamke aliyeitunga na kuiongoza, alisema akimpata mtu mmoja tu wa kujiuliza swali, yeye ametosheka.

Basi mwanamke yule alikuwa kapiga magoti kwenye matope, kayakumbatia magoti ya Marjan, analia, “Nabii! Nabii wangu!”

Marjan alicheka. Msimlaumu, hata wewe ungecheka. Alidhani ni ujanja wa Husnah wa kuitangaza filamu, akatazama huku na huku kutafuta kamera ilikojificha.

“Inuka, mama. Nani amekutuma?”

“Imani ndiyo imenituma. Mimi naitwa Vera, natoka Kasubi. Chupa za dawa tumezichoma kwenye pipa kama ulivyosema. Hizi nimekuletea mwenyewe uzilaani.”

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na sindano, bado ziko kwenye karatasi zake.

“Sindano za nini hizi?”

“Za sukari, za binti yangu Akidi. Tangu Jumapili hajachomwa hata moja, Nabii. Imani yake ni kubwa kunishinda mimi.”

Kicheko kikamkauka Marjan mdomoni. Sukari anaijua. Baba yake ilimkata mguu kwanza, kisha ikarudi ikamchukua mzimamzima.

“Yukoje sasa hivi?”

“Anatapika. Anakunywa maji hashibi. Anapumua kwa nguvu, unamsikia toka mlangoni. Lakini vijei amesema ni ugonjwa unatoka.”

“Vijei gani?”

“Tarcisio. Yule wa kibanda chetu cha video.”

Ah! Sasa hapo Marjan akaelewa. Mnawajua mavijei wetu. Filamu inaonyeshwa, sauti yake inashushwa, na vijei anakaa pembeni na maikrofoni yake anawasimulia watu kinachosemwa. Kiingereza kikimpita mbio, anatazama picha na kujaza mwenyewe. Kwenye filamu za ngumi hakuna madhara, maana ngumi ni ngumi. Lakini Tarcisio, mlokole wa kweli, mtu asiyejua kumdanganya hata kuku, aliiona picha ya pipa, akaona dawa zinaungua, akaona kiwete anasimama, akasimulia alichokiona. Lile duka la dawa la mwishoni, penye kicheko kikubwa kuliko vyote, alilipokea kwa furaha: “Tazameni wapendwa, Bwana amembariki mtumishi wake na biashara!”

Marjan alimpigia Husnah simu pale pale.

“Husnah, filamu yako inaonyeshwa Kasubi.”

“Weee! Na wanacheka?”

“Hawacheki. Wanalia. Wanachoma dawa.”

Husnah akaanza kusema kwa haraka, sauti imempanda. “Waambie wewe ni mwigizaji. Waambie sasa hivi. Na usithubutu, Marjan, usithubutu kujifanya yule mtu mbele yao! Tumehangaika na ile filamu ili watu wasimtii mtu wa namna hiyo.”

“Kuna mtoto anakufa.”

“Basi mwambie mama yake ukweli.”

Kusema ukweli, jambo jema sana hilo, nami nalisifu. Lakini Marjan alimtazama Vera, akaona ukweli ungechukua mchana kutwa kumwingia, na mtoto hana mchana kutwa. Akakata simu. Akavuta pumzi, akaitafuta ile sauti nzito ya Hezironi, akaisikia inatoka kifuani mwake.

“Vera! Akidi atapelekwa hospitali leo hii, na madaktari watamtia dawa.”

“Amina, Nabii,” Vera akajibu, bila hata kupepesa macho.

Basi, ikawa imekwisha. Marjan alitegemea ubishi, akakuta mlango uko wazi, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko kama angepigwa. Wakapakiana kwenye bodaboda, Vera katikati amekumbatia mfuko wake, wakaelekea Kasubi.

Kibanda ni cha mabati, na jua la saa tisa lilikuwa limekipasha moto sawasawa. Ndani mabenchi yamejaa, watu wamesimama mpaka ukutani. Pale mbele, chini ya skrini, pipa halisi lilikuwa linafuka moshi. Karibu na pipa kuna mkeka, na juu ya mkeka amelala binti wa miaka kumi na mitano. Kwenye skrini Nabii Hezironi alikuwa akinyoosha mikono, na pembeni Tarcisio, jasho linamtiririka, alikuwa akimsemea.

Tarcisio akageuka. Akamwona Hezironi yuko mlangoni.

“Banange, jamani!” akasema kwenye maikrofoni.

Vumbi la pale ndani liliinuka kwa jinsi watu walivyoanguka chini. Wanawake walilala kifudifudi. Mtu mmoja alimshika Marjan kiatu, mwingine akaishika kanzu yake akafuta nayo machozi. Marjan aliwaruka kama awezavyo, moyoni anasema astaghfirullah, astaghfirullah, mpaka akafika mkekani.

Akidi alikuwa na midomo iliyopasuka, na kifua chake kilipanda na kushuka kwa kazi kubwa. Pumzi yake ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Marjan aliikumbuka harufu hiyo kutoka chumbani kwa baba yake, akataka kukimbia.

Binti akafumbua macho. “Umekuja,” akasema.

“Nimekuja. Unakwenda hospitali.”

“Wewe ukisema, nakwenda.”

“Mbebeni!” Marjan akaita kwa sauti ya Hezironi. “Pikipiki iko nje. Binti huyu aende hospitali!”

Watu wakatazamana. Hospitali? Lakini Tarcisio, Mungu ambariki kwa moyo wake mweupe, alipaza sauti, “Nabii amesema! Mmesikia? Bebeni!” Wanawake wawili wakamwinua Akidi, mmoja mabegani, mwingine miguuni, Vera mbele akipangua watu njiani. Msomaji wangu, palikuwa pamebaki hatua chache tu kufika mlangoni.

Hapo ndipo Saverio alipoinuka. Saverio ni mzee wa jeshi, mguu wake mmoja uliingiwa na chuma vitani ukabaki umepinda, na Kiswahili chake ni kile cha kambini.

“Ngoja kidogo, Nabii. Mimi iko na swali.”

“Baadaye, mzee.”

“Hapana, sasa. Kwa picha ulisema dawa iko ya shetani, tupa kwa moto. Mimi nimetupa yangu ya presha, yote. Leo unasema hospitali. Sasa mimi nafuata gani?”

“Fuata ya leo. Nendeni nyote, mkachukue dawa zenu!”

“Kale, sawa. Lakini onyesha sisi kitu, tujue iko wewe kweli.” Akavuta suruali, akauweka ule mguu mbovu juu ya benchi. “Hii. Nyoosha hii moja tu, na sisi wote nakwenda hospitali leo, mguu sawa.”

Kibanda kizima kikapumua kwa pamoja. Hata wale wanawake waliombeba Akidi walisimama kutazama. Na kwenye skrini, nyuma ya kichwa cha Marjan, kiwete wa filamu alikuwa anatupa magongo na kucheza.

“Mguse,” mtu akasema.

“Mguse, Nabii!” wakaitikia wote, na waliokuwa wamesimama wakaanza tena kushuka chini, vipaji vya nyuso vikagusa udongo, mbele yake yeye, Marjan mtoto wa Bombo. Akidi naye, mle mikononi mwa wanawake, aliunyoosha mkono wake akaushika mkono wa Marjan na kuubusu.

Hapo Marjan alishindwa. Alifundishwa tangu mdogo kwamba kipaji cha uso kinawekwa chini kwa ajili ya Mmoja tu, na sasa anawekewa yeye, kwa kosa la filamu. Aliona aibu, akaona hofu, akaona hasira ya bure.

“Inukeni!” akapiga kelele, na hiyo haikuwa tena sauti ya Hezironi. “Inukeni, jamani, mnaniua! Mimi si nabii. Naitwa Marjan, naigiza, hii ndiyo kazi yangu. Mimi ni Mwislamu! Lile pipa ni la kukingia maji ya mvua kwa shangazi wa mmoja wetu. Yule kiwete ni fundi wetu wa taa, hana ugonjwa wowote isipokuwa uvivu. Tulikuwa tunawachekesha watu. Ni mchezo tu!”

Mtu mmoja nyuma akacheka, peke yake, akanyamaza.

Halafu wakamwamini. Mngetegemea wabishe, sivyo? Hawakubisha hata kidogo. Wakainuka mmoja mmoja, wakajikung’uta magoti, wakamtazama upya kuanzia kichwani mpaka viatuni, wakaona ni mtu mwembamba tu mwenye jasho. Saverio akashusha suruali yake taratibu. Macho yake yalikwenda kwenye pipa, kwenye moshi wa dawa zake za presha.

Wale wanawake wawili wakamrudisha Akidi mkekani.

“Mnafanya nini?” Marjan akauliza. “Pikipiki iko nje! Vera!”

Vera alisimama baina yake na mtoto. “Kama wewe si Nabii, wewe ni nani wa kumgusa binti yangu?”

“Mama, si tumekubaliana, hospitali…”

“Aliyeniambia hospitali ni Nabii. Ningemtii hata angeniambia nimvushe ziwa kwa miguu. Wewe sikujui.”

“Lakini mtoto anakufa kweli! Kweli ya Mungu!”

“Mungu gani, wako au wangu?” mwanamke mmoja akauliza, na wengine wakaguna.

Marjan akajaribu kuirudisha ile sauti. Masikini! Ilitoka nyembamba, katikati ikamkatika, na watoto wa benchi la mbele wakaficha vinywa wacheke.

Tarcisio alikuwa ameketi, maikrofoni mapajani, machozi yanamtoka wazi wazi. Marjan alimwendea, akamwinamia sikioni. “Ndugu yangu, wewe watakusikia. Waambie ulikosea kutafsiri. Sema tu hivyo.”

“Nilikosea?”

“Ulikosea. Si kosa lako, lakini ulikosea.”

Tarcisio alimtazama. Kwa hesabu yangu mimi msimulizi, hapo ndipo angeweza kutuokoa sote, tukaimaliza hadithi hii kwa chai na mandazi. Lakini mtu huyo alikuwa ameokoka kwa ajili ya filamu ile. Aliacha pombe kwa ajili yake, akarudiana na mkewe, na sasa anaambiwa ni mchezo wa fundi wa taa. Angelibeba wapi jambo hilo? Alifuta uso wake, akainua maikrofoni, akaonyesha skrini kwa kidole.

“Wapendwa, msitikisike. Nabii yuko pale. Huyu bwana ameazimwa sura tu.”

Mngeona jinsi walivyofarijika! Nyuso zilirudi kwenye skrini, mtu akaanza wimbo. Saverio ndiye aliyemshika Marjan mkono, si kwa ubaya, akamsindikiza mpaka nje.

“Pole, bwana,” alimwambia. “Mimi iko na roho mbili sasa. Lakini toka.”

“Mzee, wewe umeelewa. Nisaidie.”

“Nimetupa dawa yangu yote,” Saverio akasema. “Nikielewa, mimi ni maiti.” Akarudi ndani, na komeo likalia.

Marjan alibaki juani. Alipiga simu polisi, wakamwuliza mtoto ni wake? Si wake. Mama yake yupo? Yupo. Sasa kosa liko wapi? Wakasema watatuma mtu. Alimpigia Husnah, akamkuta tayari yuko njiani, amekwama kwenye foleni, anampigia honi kila mtu.

“Umewaambia ukweli?” Husnah akauliza.

“Nimewaambia.”

“Wakaamini?”

“Wameamini wote. Wamenifukuza.”

Honi tu ndizo zilizosikika, kisha simu ikakatika.

“Ssebo,” mwenye bodaboda akamwita, “tunaondoka ama tunabaki?”

“Tunabaki. Geuza pikipiki iangalie barabarani.”

Ndani, kupitia mabati, Marjan alisikia sauti yake mwenyewe, imeshushwa, mbali, na juu yake sauti ya Tarcisio: “Simama, binti! Nabii anakuita! Simama!” Watu wakapiga makofi kwa mpigo mmoja. Mara kelele zikalipuka. “Amesimama! Amesimama!” Marjan alijikuta na yeye ameshika ukuta wa mabati kwa mikono miwili, anaomba kwa moyo wake wote iwe kweli, na wao wawe sahihi, na yeye awe mpumbavu.

Kitu kikaanguka. Makofi yakaisha vipande vipande.

Komeo likafunguliwa. Vera alitoka peke yake, amembeba Akidi mikononi. Miguu ya binti iliburuzika chini. Nyuma yao watu walijazana mlangoni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka. Vera akaketi kizingitini, kichwa cha mtoto pajani.

“Nipe mkono wako, mama, tumpandishe,” Marjan akasema. “Nakuomba. Pikipiki hii hapa.”

“Nilikusikia mle ndani,” Vera akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. “Mwigizaji. Nimeelewa, mimi si mjinga.”

“Basi twende!”

“Miaka yote nimempeleka hospitali. Wanampa sindano, wanasema rudi, wananipa sindano nyingine. Niliwauliza, ataacha lini? Wakaniambia haachi, mpaka afe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia mtoto wangu atapona. Yule peke yake.” Akanyoosha kidole nyuma, kibandani. “Yule peke yake ndiye aliyeniambia.”

“Vera, yule ni mimi.”

“Najua. Ndiyo sababu nakuomba. Kuwa yeye, bambi, nakusihi. Kidogo tu. Sema kama kwenye picha, asikie kwa sikio lake. Kisha nitapanda pikipiki yako, nitakwenda popote unapotaka.”

Marjan alimtazama mwenye bodaboda. Mwenye bodaboda akawasha injini. Basi akapiga magoti pale vumbini, akamshika Akidi mkono, akasema, “Simama, binti.”

“Siyo hivyo. Kwenye picha unasema kwa nguvu.”

“Simama, binti! Nabii anakuita!”

“Na jina lake.”

“Akidi! Simama!” Sauti ya Hezironi ilikuwa imerudi, nzito, nzuri, iliyojaa, sauti aliyoihangaikia miezi mingi mbele ya kioo ili watu wacheke. Watu mlangoni wakaisikia, wakapiga magoti upya. Tarcisio akaja na maikrofoni yake, waya unamfuata nyuma, akaanza kumrudia Marjan neno kwa neno, kama anayetafsiri. “Nakuamuru, Akidi!” Marjan akaendelea. “Ugonjwa utoke! Simama!”

Kisha Marjan akanyamaza ghafla, akainamisha sikio kifuani pa binti. Ile pumzi iliyokuwa ikisikika toka mlangoni, alikuwa haisikii.

Vera akamtikisa bega.

“Endelea, Nabii,” akamwambia. “Bado hujamaliza.”